Historia ya Arua na Koboko haihitaji kutiwa chumvi

Mwaka 1937, katika kijiji cha Omogo wilayani West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, watafiti waliokuwa wakiifuatilia homa ya manjano walimtoa damu mwanamke mmoja aliyekuwa na homa. Damu ile ilipelekwa Entebbe, kwenye taasisi iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Homa ya manjano haikuonekana. Vilionekana virusi ambavyo sayansi haikuwa ikivijua. Mtafiti Smithburn na wenzake walichapisha taarifa yao mwaka 1940, wakavipa virusi hivyo jina la wilaya vilikopatikana. Mwaka 1999 vikazuka New York, na tangu hapo jina la West Nile limo vinywani mwa madaktari na watangazaji ambao hawawezi kuionyesha Arua kwenye ramani.

Kutokana na tukio hilo zimezaliwa sentensi mbili zinazofanana sana. Moja husema virusi vya West Nile vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika damu ya mgonjwa wa West Nile. Nyingine husema virusi hivyo vilianzia West Nile. Ya kwanza ina ushahidi, ya pili haina. Virusi hivi hukaa katika miili ya ndege na huenezwa na mbu, na ndege hawajui mpaka wa wilaya. Vilionekana Omogo kwa kuwa mwaka ule watafiti na sindano zao walikuwa Omogo. Kuonwa mahali kwa mara ya kwanza si kuzaliwa mahali hapo, na kati ya sentensi hizo mbili kuna tofauti ya kupewa heshima na kupewa lawama.

Ninaamini kwamba kila dai la “wa kwanza”, “kubwa kuliko yote”, “pekee” na “wa mwisho” linapaswa kubeba mipaka yake. Ni kubwa kuliko nini? Ndani ya eneo lipi? Mwaka gani? Kwa hesabu ya nani? Dai lisiloweza kujibu maswali hayo manne lisiingizwe katika kitabu cha shule, lisichorwe kwenye kibao cha barabarani, wala lisitamkwe na kiongozi jukwaani. Huenda hili likaonekana ni jambo la wasomi wenye nafasi. Kwa watu wa Arua na Koboko, huko West Nile, ni jambo zito, kwa kuwa wao wameshalipa kwa damu sifa zilizovuka mipaka yake.

Ninaelewa kwa nini tunazipenda sifa hizi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na West Nile imekaa muda mrefu pasipokuwa na ngoma ya kuwamba. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado, na nchi hii ikiwa ndani yake. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 eneo likapewa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda. Katika miaka ishirini nchi ilibadilishiwa wenyewe mara tatu, na wenyeji hawakuulizwa hata mara moja. Watu waliopitishwa hivyo mikononi mwa wengine wakitafuta kitu cha kusema “na sisi tulitangulia”, siwalaumu. Nasema tu kwamba njia hiyo haiwafikishi.

Chukua sentensi ambayo kila mwanafunzi ameisikia, kwamba mji wa Arua ulianzishwa mwaka 1914 na A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza. Kilichoanza mwaka 1914 ni boma la Waingereza. Chini ya kilima cha Arua na kandokando yake walikuwapo Walugbara na mashamba yao, koo zao na makaburi ya wazee wao. Tukisema “mji ulianzishwa”, tumewafanya wenyeji kuwa wageni wa boma. Orodha nzima ya “wa kwanza” hufuata mkumbo huo: shule ya kwanza, hospitali ya kwanza, kanisa la kwanza. Zote huhesabiwa tangu siku mgeni alipofika, kana kwamba kabla yake hakuna mtoto aliyefundishwa, mgonjwa aliyetibiwa wala mtu aliyemwomba Mungu. Sema hivi: mwaka 1914 Waingereza waliweka boma lao Arua. Sentensi ni fupi, ni sahihi, na inamwachia mwanafunzi swali zuri: waliliweka katikati ya nani?

Wazee nao wana “wa kwanza” wao. Masimulizi ya Walugbara yanawataja mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, waliotoka upande wa kaskazini. Jaki anahusishwa na mlima Liru, karibu na Koboko, na Dribidu na mlima Eti, ambao wengi huuita Wati. Watoto wao ndio mizizi ya koo nyingi. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Walugbara kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, aliyachukua masimulizi haya kwa uzito. Alionyesha kwamba yanaeleza nani ni ndugu wa nani, nani anaweza kuoa wapi, na kwa nini koo hizi zinaheshimiana na zile. Hiyo ni kazi kubwa, lakini haifanani na kazi ya jalada la mwaka 1914. Mtu anayeligeuza simulizi la Jaki kuwa tarehe, halafu akalitumia kuthibitisha kwamba ukoo wake ndio uliotangulia kumiliki kipande fulani cha ardhi, hajamheshimu Jaki. Amemtumia.

Hata jina “Arua” lenyewe linahitaji kuwekewa mipaka. Arua ya sensa ya mwaka 2014, ikiwa manispaa, ilikuwa na watu 62,657. Tarehe 1 Julai 2020 ikawa jiji, na mipaka ikapanuliwa hadi kwenye vijiji na mashamba yaliyokuwa nje ya manispaa. Wilaya ya Arua, kwa upande wake, imekuwa ikimegwa: Yumbe ilijitenga mwaka 2000, Koboko mwaka 2005, kisha Maracha, halafu Madi-Okollo na Terego. Anayesema Arua inaongoza kwa watu, kwa tumbaku au kwa wasomi, hana budi kutuambia anazungumzia Arua ipi. Hesabu ya wilaya ya mwaka 1991 na hesabu ya jiji la leo zina jina moja, lakini hazizungumzii ardhi moja.

Koboko nako kuna Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Ni mahali pa kujivunia, na ni rahisi ulimi kuteleza ukasema hakuna pengine kama hapo Uganda. Hesabu ni nyepesi. Uganda imepakana na nchi tano zinazoizunguka kama mduara, kwa hiyo mipaka ya nchi tatu tatu inakutana mahali patano, pamoja na pale ndani ya Ziwa Victoria. Utajiri wa Salia Musala hautokani na uchache wake. Unatokana na Wakakwa, ambao wana ndugu katika nchi zote tatu, na ambao mpaka ule ulipita juu ya familia zao. Hilo ndilo la kumweleza mgeni.

Dai kubwa kuliko yote katika ukanda huu kwa miaka ya karibuni ni la Bidibidi. Vita vilipowaka upya Juba mwezi Julai 2016, watu wa Sudan Kusini walimiminika Uganda, na mwezi Agosti makazi ya Bidibidi yakafunguliwa wilayani Yumbe, jirani na Koboko. Katika miezi michache yalipokea watu wapatao 270,000, katika eneo la takriban kilomita za mraba 250. Vyombo vya habari vikaandika kwamba ni makazi makubwa ya wakimbizi kuliko yote duniani, mahali pa Dadaab ya Kenya. Kwa wakati ule walikuwa na hoja. Lakini Agosti 2017 Warohingya walianza kuikimbia Myanmar, na Kutupalong, huko Bangladesh, ikaipita Bidibidi kwa mbali. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na shirika la UNHCR waliwahakiki wakimbizi wa Uganda nzima, na idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ikashuka hadi takriban milioni 1.1. Bado leo utaambiwa kwamba Bidibidi inaongoza duniani.

Ubaya wa dai hili hauishii kwenye kupitwa na wakati. Limeifunika habari yenyewe. Bidibidi haina ua wa kambi. Familia zilipewa viwanja vya kujenga na kulima, katika ardhi iliyotolewa na wenyeji. Na wenyeji hao ni nani? Wengi wao, au wazazi wao, walikuwa wakimbizi Sudan na Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliopokea walikuwa wamewahi kupokewa, na wengine walipokewa na watu wa upande uleule wanaoukaribisha sasa. Hilo halitapitwa na kambi yoyote ya Bangladesh, wala uhakiki wowote hautalipunguza.

Pwani pia ina somo la namna hii. Kwa miaka mingi msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ulisifiwa kuwa mkongwe kuliko yote Afrika Mashariki, kwa sababu ya maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta mabaki ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ule wa chini kabisa ukiwa wa karne ya nane. Kizimkazi haikupoteza hata jiwe moja. Maandishi yake yapo palepale na mwaka wake umesomeka, jambo ambalo majengo machache ya kale yanaweza kujivunia. Kilichoanguka ni dai, nalo lilianguka kwa kuwa halikuwahi kusema “kwa tunavyojua hadi leo”.

Sisemi kwamba sifa hizi zote ni uongo. Mwanzoni mwa mwaka 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, alipiga kambi kando ya Nile mahali panapoitwa Rhino Camp. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua vifaru weupe tisa wa aina ya kaskazini. Tarehe 19 Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, alikufa Sudan, dume wa mwisho wa aina hiyo, akiacha majike wawili, Najin na Fatu. “Dume wa mwisho” hapa ni neno lililopimwa: tunajua alikuwa wa aina gani, alikuwa wapi, na lini alikufa. Kwa sababu limepimwa, linauma. Mtu wa West Nile akilisikia anajua ni kitu gani hasa kilichotoweka katika ardhi yake.

Sasa niende Koboko, kwenye jina ambalo hakuna mgeni asiyelitaja. Idi Amin alikuwa Mkakwa kwa baba, na Koboko ndiko asili ya baba yake. Lakini alizaliwa wapi? Wapo wanaosema Koboko, wapo wanaosema Kampala. Mwaka? Wengine 1925, wengine 1928. Hakuacha tawasifu. Penye mashaka ya namna hiyo watu huweka hadithi. Imesimuliwa duniani kote kwamba mwaka 1955 alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya raga ya Afrika Mashariki ilipocheza Nairobi na British Lions, wakati raga ya enzi hizo haikuruhusu wachezaji wa akiba kuingia uwanjani. Mwenyewe alijipa cheo cha Bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini, na Mshindi wa Dola ya Waingereza barani Afrika. Hakuna mtawala wa Uganda aliyejitia chumvi nyingi kiasi hicho, na waliomchukia walimjibu kwa chumvi nyingine.

Kuhusu waliouawa katika utawala wake, Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kwamba hawakupungua 80,000, na yaelekea walifika 300,000. Makadirio ya Waganda waliokuwa uhamishoni, yakisaidiwa na Amnesty International, yalifika 500,000. Kati ya hesabu ya chini na ya juu kuna watu 420,000. Hao ni watu, na hatujui kama waliuawa au hawakuuawa. Sitaki mtu yeyote anielewe kwamba napunguza ukatili ule. Hata angekuwa mmoja, angekuwa Benedicto Kiwanuka, jaji mkuu aliyechukuliwa mahakamani Septemba 1972, au Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977. Uzito wa uovu ule hautegemei wingi wa sifuri.

Mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kuchunguza kesi 308. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya maafa yale, kwa kuwa ni wale tu ambao ndugu zao walithubutu kusema wakati muuaji bado yuko ikulu. Lakini kila moja ya kesi hizo ina jina, mahali na siku. Takwimu ya 300,000 hutajwa kila mwaka. Kesi hizo 308 ni wachache wanaozifahamu. Kama tungekuwa tunawaheshimu waliokufa, ingekuwa kinyume chake.

Na hapa ndipo chumvi ilipogeuka sumu. Amin alipoitwa katili kuliko wote Afrika, watu wa nyumbani kwake wakaitwa “watu wa Amin”, kana kwamba utawala ule ulikuwa wao wote na wao wote walinufaika nao. Nani anakumbuka kwamba aliyeongoza uasi dhidi yake Machi 1974 alikuwa Charles Arube, mkuu wa majeshi na Mkakwa kama yeye, na kwamba uasi ule ulimgharimu maisha? Nani anamtaja Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, ambaye mwezi uleule alitekwa na mwili wake ukakutwa mto Nile? Wanajeshi wa serikali mpya walipofika West Nile baada ya Amin kuanguka Aprili 1979, hawakuwa na orodha ya wahalifu. Walikuwa na jina moja kubwa lililofunika kila mtu. Watu wengi sana wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci nje kidogo ya Arua, wanajeshi waliwaua makumi ya raia waliokuwa wamejihifadhi humo. Waliouawa hawakuwa Amin.

Ndiyo sababu siwezi kulichukulia jambo hili kama mzaha wa mashabiki. Dai lisilo na mipaka kuhusu mtu mmoja lilimwagika likawafunika maelfu. Na Ombaci yenyewe haihitaji kuitwa mauaji makubwa kuliko haya au yale. Inahitaji majina ya waliokufa, umri wao, vijiji vyao, yasomwe kila tarehe 24 Juni.

West Nile ina mfano wake wa kazi iliyofanywa vizuri. Katika hospitali ya Kuluva, kusini mwa Arua, daktari Ted Williams alikuwa akiandika kwa makini habari za watoto waliokuwa na saratani ya taya: mtoto ametoka kijiji gani, ameugua lini. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa watu wawili waliosafiri na daktari Denis Burkitt kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakifuatilia ugonjwa huo unapoanzia na unapoishia. Miaka ya 1970 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichukua damu za watoto wapatao 42,000 wa West Nile, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yaliimarisha ushahidi kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika na saratani hiyo. Nguvu yote ya utafiti ule ilitokana na vitu vitatu: jina la kijiji, tarehe, na hesabu iliyohakikiwa. Kama Williams angeandika tu kwamba wagonjwa ni wengi kuliko kwingine kote, hakuna mtoto ambaye angesaidika.

Wapo watakaosema: bila sifa kubwa, mtalii atakuja kufanya nini Koboko, na kijana atajivunia nini? Najibu kwamba mtalii akigundua dai moja ni la uongo, hataamini hata la kweli. Na kijana aliyefundishwa shuleni kwamba kwao ni kwa kwanza duniani, akifika Kampala au Nairobi akachekwa, atatupa yote, ya uongo na ya kweli. Fahari inayodumu ni ile isiyoogopa kuulizwa.

Kazi inaweza kuanza bila fedha nyingi. Halmashauri za Arua na Koboko ziweke sharti kwamba kibao chochote cha kihistoria kitaje mwaka na chanzo cha habari yake. Walimu wawape wanafunzi kazi ya kuchukua dai moja linalosemwa nyumbani na kuwauliza wazee watatu wa koo tofauti, kisha waandike walipokubaliana na walipotofautiana. Chuo Kikuu cha Muni, ambacho ni chuo cha umma na kiko Arua, kihifadhi sauti za wazee hao. Watangazaji wa redio, wanaosikika kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, wawe na desturi ya kumuuliza kila mgeni anayesema “wa kwanza”: wa kwanza kati ya nani?

Kwa zaidi ya miaka mia moja West Nile imeelezwa na wengine kwa makadirio yao. Ina haki ya kudai isemwe sawasawa. Lakini hatuwezi kumdai mwandishi wa London usahihi juu ya Koboko ikiwa vibao vyetu wenyewe vinatia chumvi. Siku tutakapoweza kumwonyesha historia tuliyoipima sisi, yenye Arube na Ondoga ndani yake, yenye Ombaci na Bidibidi, kila jambo na mwaka wake, itambidi aanze kutoka hapo tulipoandika.